Bango Lako la WhatsApp Linauza, Lakini Je, Linalipwa?

Ukishuka Njiru jioni, kando ya Kangundo Road, macho hayakosi cha kuangalia. Kuna smokie, mitumba, sukuma iliyokatwa tayari, kinyozi, fundi wa simu. Lakini siku hizi kuna soko lingine ambalo hulioni ukiwa barabarani. Liko ndani ya simu: stetasi ya WhatsApp, kurasa za Facebook, vikundi vya ploti, vya kanisa na vya chama. Huko mama wa chapati, dada wa kusuka na kijana wa gesi wote wana bango. Wengi wamejitengenezea wenyewe, usiku baada ya kazi, kwa simu, bila kufunzwa na mtu.

Sisi tunapenda kuona hivyo, na hatuandiki haya kumcheka yeyote. Tunaandika kwa sababu tunakaa upande wa pili wa bango, pale pesa inapoingia au inapokosa kuingia. Kuna jambo tunalikuta mara kwa mara: bango linapendwa, linasambazwa, mteja anakubali kununua, halafu malipo yanapotea njiani.

Maoni yetu ni haya. Kwa mtu anayeanza, kazi ya kwanza ya bango si kupendeza. Ni kumfikisha mteja kwenye malipo bila kukosea. Mapambo yatafuata baadaye, na yakikosa kufuata pia ni sawa.

Chapati arobaini

Mama mmoja wa Njiru alitusimulia yaliyompata, na ametukubalia tuyasimulie bila jina lake. Anauza chapati na maharagwe. Kijana wake, aliyemaliza Form Four, alimtengenezea bango kwenye simu. Lilikuwa bango la kupendeza kweli: maua pembeni, rangi tano, maandishi ya kujipinda kama ya kadi ya harusi. Na nambari ya tili iliandikwa kwa maandishi hayo hayo ya kujipinda, kule chini kabisa.

Jumamosi mteja mgeni akaagiza chapati arobaini za mkutano wa chama, shilingi 20 kila moja. Jumla 800. Jumapili asubuhi akaja kuchukua.

"Mathe, pesa si nimetuma?"

"Haijaingia, kastoma wangu."

Mteja akatoa simu. Ujumbe ulikuwa wa kweli, pesa ilikuwa imetoka kwake, lakini jina lililokuwa pale halikuwa la huyu mama. Kwenye bango, 1 ilikuwa na mkia mrefu, ikasomeka 7. Tili yenye 7 ilikuwepo, na ilikuwa ya duka la mtu mwingine kabisa.

Sasa fikiria uko hapo. Chapati zimepikwa, ziko kwenye hotpoti, na chama kinangoja. Mteja si mwizi, na wewe si mwizi. Mama akazitoa. Mteja akapiga simu ya huduma, mwenye duka lile akakubali kurudisha, na pesa ikamfikia mama Jumanne. Ilirudi, tunashukuru. Lakini unga wa Jumatatu ulinunuliwa kwa mkopo, na kijana aliyejitolea kusaidia mamake alilaumiwa siku mbili nzima kwa sababu ya mkia wa herufi.

Hiyo ndiyo bei ya bango lisilosomeka. Kwa kampuni kubwa, 800 ni kitu kidogo. Kwa kibanda, ni mtaji wa kesho.

Mteja hulipa kwa kukumbuka

Malipo kutoka kwa bango la simu yana hatua moja ambayo wengi wetu hatuifikirii. Lipa na M-Pesa ilipoanza mwaka 2013, nambari ya tili ilikuwa kwenye kibandiko ukutani. Mteja alisimama mbele yake, akaitazama, akabonyeza simu, akaitazama tena. Macho yalikuwa ukutani na vidole kwenye simu.

Nambari ikihamia kwenye picha ya WhatsApp, mambo yanageuka. Picha iko ndani ya simu ileile inayolipa. Mteja anaiangalia, anaifunga, anafungua menyu ya malipo, na sasa lazima akumbuke tarakimu sita au saba. Tena huenda yuko ndani ya matatu, mkono mmoja umeshika chuma, na skrini ina ufa. Akisahau, anarudi kwenye stetasi. Ikiwa saa 24 zimepita, stetasi imeshatoweka.

Halafu picha hainakiliki kama maandishi. Kwa simu nyingi, ukibonyeza nambari iliyo ndani ya picha hakuna kinachotokea. Ndiyo maana ushauri wetu wa kwanza hata hauhusu rangi: kila unapoweka bango, andika nambari ya tili na jina la tili kama maneno ya kawaida chini ya picha. Mteja atabonyeza, atanakili, atabandika. Hatua hiyo inachukua sekunde kumi, na ingeziokoa zile chapati arobaini.

Jifunze kwa matatu

Watu wa Eastlands hatuhitaji kwenda mbali kutafuta somo la kubuni. Angalia matatu. Mwili wote umechorwa: wanamuziki, wachezaji, maandishi ya kila aina. Lakini abiria aliye kwenye steji hasomi yote hayo. Anatafuta kitu kimoja: gari linaenda wapi? Jibu huwekwa mbele, kwenye kioo, kwa herufi nene. Hata mstari wa manjano, ambao matatu zililazimishwa kuwa nao sheria za aliyekuwa waziri John Michuki zilipoanza kutekelezwa mwaka 2004, kazi yake ni hiyo hiyo. Ukiuona kwa mbali unajua hili ni gari la abiria. Michoro imeachiwa nafasi yake, lakini hairuhusiwi kuficha njia.

Bango lako nalo ni hivyo. Lina njia, na lina michoro. Njia ni majibu ya maswali manne: unauza nini, bei gani, uko wapi, nalipaje? Kila kitu kingine ni michoro.

Kwa hivyo kabla ya kufungua programu yoyote, chukua kalamu na karatasi. Andika majibu hayo manne, kila jibu lisizidi maneno matano. Ukishindwa kuandika bei, bado hujawa tayari kutangaza. Tunajua kuna mtindo wa "bei ingia inbox". Sisi hatuupendi. Mteja akiona hivyo anadhani utampima kwa sura, na wengi hupita tu. Kama bei inabadilika, andika inaanzia ngapi.

Namna ya kulitengeneza, bila kusumbuka

Picha kwanza. Picha halisi ya kitu chako, hata kama si kamili, inashinda picha nzuri ya kutoka kwenye mtandao. Ukiweka picha ya keki ya Marekani halafu ulete yako, ugomvi umeuanzisha mwenyewe. Futa kamera ya simu kwa kitambaa, maana simu ya jikoni huwa na mafuta. Piga karibu na mlango au dirisha, asubuhi, bila taa ya simu. Nyuma weka kitu kisicho na maua: meza, ukuta, leso ya rangi moja. Piga tano, uchague moja.

Programu. Canva na nyingine za aina hiyo zina violezo, yaani picha zilizopangwa tayari ambazo unabadilisha maneno tu. Ni msaada mkubwa, lakini violezo vingi vilipangwa na mtu asiyejua kuwa wewe una nambari ya tili. Vina nafasi ya tovuti, ya anwani ya barua pepe, ya msemo wa kuvutia. Usione aibu kufuta. Kinachobaki tupu si hasara. Nafasi tupu ndiyo inayolifanya neno lionekane.

Vipimo. Bango la mraba la Facebook au la kutuma kikundini litengeneze pikseli 1080 kwa 1080. La stetasi, 1080 kwa 1920. Usipige picha ya skrini ya bango lako halafu ukaituma hiyo. Hifadhi bango lenyewe. WhatsApp nayo hupunguza ubora wa picha, na bango likipunguzwa mara mbili tarakimu zinaanza kuingiliana.

Herufi na rangi. Aina moja ya herufi inatosha. Iwe nene, iliyosimama, isiyojipinda. Saizi mbili: kubwa ya bidhaa na nambari, ndogo ya mengine. Rangi mbili: moja ya nyuma, moja ya maandishi, na ziwe zinapingana. Nyeusi juu ya manjano inasomeka hata juani. Nyekundu juu ya buluu inaumiza macho. Usiandike juu ya picha yenyewe kama ina mambo mengi. Kata sehemu ya chini, uipake rangi moja, uandike hapo.

Nambari. Ipe mstari wake, isikae na kitu kingine. Itenganishe kwa mafungu ya tarakimu mbili au tatu ili ikumbukike, maana hata nambari ya simu hatuisomi kwa mkupuo mmoja. Iandike kwa tarakimu za kawaida, uhakikishe 1 haifanani na 7, 3 haifanani na 8, na 5 haifanani na 6. Chini yake andika jina kama lilivyosajiliwa: "Jina litakaloonekana: fulani". Hii ni muhimu sana kwa sababu wengi mna biashara yenye jina moja na tili yenye jina lingine. Bango linasema saluni, simu inasema jina la shemeji. Mteja mwangalifu akiona hivyo anasita, na ana haki.

Na usilundike nambari. Tumeona mabango yenye tili, paybill, nambari mbili za simu na akaunti ya benki, zote kwenye picha moja. Tangu Aprili 2022, mitandao ya simu Kenya ilianza kuruhusu mteja wa mtandao mmoja kulipa tili ya mtandao mwingine. Chagua njia moja unayoitegemea, uitangaze hiyo. Mwenye shida atakuuliza.

Msimbo wa QR. Benki Kuu ya Kenya ilizindua kiwango cha taifa cha msimbo wa QR mwaka 2023, na watu wengi sasa wanataka kuuweka kila mahali. Kwenye bango la kuchapisha na kubandika dukani, sawa kabisa. Uache na ukingo mweupe kuzunguka, usiuvute ukawa mrefu, usiubadilishe rangi ukafifia. Lakini kwenye stetasi unasaidia wachache. Mteja anauona kwenye simu yake, na simu haiwezi kujipiga picha yenyewe.

Jaribu kabla ya kurusha. Mtumie mtu mmoja mwenye simu ndogo, na mtu mmoja mzima anayevaa miwani. Usiwaulize kama ni bango zuri. Mswahili atakuambia ni zuri hata likiwa baya, asikuumize. Waulize: "Nisomee nambari." Halafu mwombe mmoja alipe shilingi kumi akifuata bango tu, wewe ukinyamaza. Kumi hiyo ikiingia, bango liko tayari.

Mambo mawili ya kuacha leo

La kwanza ni kuweka picha za ujumbe wa malipo ya wateja ili kuonyesha kuwa unaaminika. Tunaelewa kwa nini watu hufanya hivyo. Mtandaoni kuna matapeli, na muuzaji mwaminifu anatafuta ushahidi. Lakini ujumbe ule una jina la mteja, mara nyingine nambari yake, kiasi alicholipa na msimbo wa muamala. Wakati mwingine una salio lako mwenyewe, na kikundi kizima sasa kinajua una ngapi. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, na taarifa za mteja wako si mapambo ya bango. Mwombe mteja akuandikie maneno mawili ya shukrani, na umuulize kama unaweza kuyatumia. Hiyo inatosha.

La pili ni kutojali bango lako likishatoka. Picha ikisambaa, mtu anaweza kuikata nambari yako, akaweka yake, akairudisha kwenye kikundi cha mtaa. Sura ni yako, chapati ni zako, tili ni ya mtu mwingine. Kuzuia picha isibadilishwe ni vigumu, lakini kuna njia ya kuwafundisha wateja wako. Tumia jina lilelile na rangi zilezile kila mara, ili bango geni lionekane geni. Na kila bango liwe na sentensi hii: "Usithibitishe kama jina si hili." Jina lililosajiliwa ndilo kufuli. Mwizi anaweza kuchora nambari mpya kwenye picha, lakini hawezi kuifanya simu ya mteja iseme jina lako.

Nawe unayenunua, sehemu yako ni hiyo hiyo. Jina likionekana kabla ya kuweka nambari ya siri, lisome. Lisipolingana na bango, simama, piga simu, uliza. Ni dakika moja. Kufuatilia pesa iliyokwenda kwingine ni siku kadhaa, na hakuna anayeweza kukuahidi kuwa itarudi.

"Lakini watu hununua kwa macho"

Kijana aliyetengeneza lile bango la chapati alitupinga, na hoja yake ina uzito. Alisema bango likiwa tupu tupu, watu watadhani biashara ni ya kubahatisha. Njiru kila mtu anauza, na usipong'aa hakuna anayesimama.

Tunakubali nusu. Ni kweli mteja huvutwa na macho. Lakini kilichomvuta yule mteja wa chama hakikuwa maua ya pembeni. Tulimuuliza mama, naye alikuwa amemuuliza mteja: ilikuwa ile picha ya chapati imekunjwa, laini, mvuke ukitoka. Ung'avu ulikuwa kwenye chakula. Maua yalikuwa yanapigania nafasi na nambari, na yakashinda.

Baadaye kijana alilitengeneza upya. Picha ileile ya chapati, ikajaza nusu ya juu. Chini rangi moja ya manjano. "Chapati laini, 20 kila moja." Mahali. Tili, kubwa, peke yake. Jina. Alituambia lilimchukua robo ya muda wa lile la kwanza, na alilalamika kidogo kwamba halionyeshi kipaji chake. Mama halalamiki. Anasema sasa wateja wakipiga simu huuliza kama kuna maharagwe, sio "nambari ni gani?"

Na sisi pia

Tusimalize bila kusema letu. Sisi wa kampuni za malipo tumewafundisha watu kuomba tili, kuangalia salio na kulinda nambari ya siri. Namna ya kuiandika hiyo tili ili mtu mwingine aisome, hatukuwahi kufundisha. Vibandiko vyetu wenyewe mara nyingine vina nembo kubwa na nambari imebanwa pembeni, imejazwa kwa kalamu inayofifia baada ya mvua mbili. Mtu akiiga mtindo huo kwenye simu, ameiga kwetu. Kwa hivyo lawama ya mkia wa ile 1 si ya kijana peke yake.

Leo jioni, kabla ya kufunga kazi, fungua bango lako la mwisho. Liangalie ukiwa umenyoosha mkono, simu ikiwa mbali, kwa sekunde tatu tu. Lifunge. Sasa itaje tili yako kama mteja asiyekujua. Ukiipata, lala salama. Ukikosa, unajua kazi ya kesho asubuhi, na haihitaji hata rangi mpya.